Kumchukua mbwa aliyeletwa kituoni na mwenyewe

Kazi yangu katika kituo cha kupokea mbwa wasio na kwao ni ya mlangoni. Mtu akija na mbwa wake akisema hawezi tena kukaa naye, mimi ndiye ninayemkaribisha, ninayejaza fomu pamoja naye, na ninayepokea kamba mkononi mwake anapoondoka. Kwa hiyo nitakayoyaeleza hapa ni ya mbwa wa aina hiyo tu. Si koko aliyeokotwa barabarani wala mtoto wa mbwa aliyezaliwa bandani. Ni mbwa aliyekuwa na kwao, akaitwa jina, akazoea saa za kula na sauti za watu fulani, kisha akaachwa kwa watu asiowajua. Mbwa huyu ana maisha aliyoyaacha nyuma. Ukitaka kumchukua, kazi yako ya kwanza ni kuyajua maisha hayo na kuyahamishia kwako kadiri uwezavyo.

Nitamtolea mfano Bobi, kwa sababu bado yupo kwetu na ninamtafutia kwake. Ni dume wa rangi ya kahawia, kifua cheupe, sikio la kushoto limelala. Ana umri wa miaka mitano hivi na amehasiwa. Aliyemleta ni mzee aliyevunjika nyonga akalazimika kuhamia kwa binti yake, na mjukuu wa huko ana pumu. Hapo hakuna aliyemkosea mwenzake. Wengi ninaowapokea huja kwa sababu za namna hii: ugonjwa, msiba, kuhama, mwenye nyumba kukataa wanyama, fedha kukauka. Wapo wanaoletwa kwa kuuma au kuharibu, nao nitawafikia. Lakini ukianza kwa kuuliza "ana kasoro gani huyu?" utakuwa umeuliza swali lisilomhusu mbwa mwenyewe.

Fomu kwanza, mbwa baadaye

Omba kuiona fomu aliyoijaza mwenyewe kabla hujapelekwa mabandani. Ukishamwona mbwa moyo utaamua, na fomu hutaisoma kwa makini.

Tafuta mambo haya: alilala wapi usiku, na karibu na nani. Alikaa peke yake saa ngapi kwa siku. Alikula nini, mara ngapi. Aliishi na watoto wa umri gani. Wa miaka kumi na wa miaka miwili si watoto sawa kwa mbwa. Amewahi kukaa na mbwa mwingine, paka, kuku. Anaitikia maneno gani, na je, aliamrishwa kwa sauti au kwa mkono. Anaogopa nini. Alichanjwa lini na wapi.

Unaposoma, tenganisha alichokiona mwenyewe na hukumu aliyoitoa. "Ni mkorofi" haikuambii chochote. "Aliguguna mguu wa meza siku alizoachwa kutwa nzima" inakuambia kwamba tatizo ni kuachwa, na kwamba mtu wa nyumbani kwako akishinda naye huenda tatizo lisionekane kabisa. Sentensi ninayokutana nayo sana ni "anajua kabisa amekosa". Mwaka 2009 mtafiti Alexandra Horowitz alichapisha jaribio alilowafanyia mbwa pamoja na wenyewe: ile sura ya kuinamisha kichwa na kufyata mkia ilitokea zaidi mbwa alipokaripiwa, awe amekula alichokatazwa au hakukigusa. Ukikuta sentensi hiyo kwenye fomu, isome hivi: mbwa huyu amekaripiwa sana, na amejifunza kuitambua sauti ya hasira.

Kisha muulize aliyempokea: mwenyewe alisema nini ambacho hakikuandikwa? Watu huficha mambo mbele ya karatasi. Wengine wanaona aibu, wengine wanaogopa mbwa wao atakataliwa au atauawa. Ya kweli hutoka wakati wa kuaga. Mzee wa Bobi alikwisha kuweka saini, akafika mlangoni, akageuka. "Mwanangu, akiwa amelala usimguse. Mwite kwanza." Akaongeza kwamba Bobi anaogopa ufagio, na kwamba ukimwonyesha kiganja kilichofunguliwa ukakishusha taratibu, anakaa. Hakuna nafasi ya mambo hayo kwenye fomu iliyochapishwa. Niliyaandika nyuma ya ukurasa, na ndiyo ninayomsomea kila anayekuja kumtazama.

Usimhukumu ukiwa nje ya wavu

Mbwa wakibweka kwa pamoja, kelele za mabandani zinaweza kupita desibeli 100. Binadamu hawezi kufanya kazi humo kutwa bila kuziba masikio, na mbwa husikia kuliko sisi. Watafiti waliopima homoni ya msongo kwa mbwa wa vituoni walikuta kiwango kiko juu zaidi katika siku tatu za mwanzo. Mbwa aliyetoka kulala miguuni pa mtu anaweza kuanguka vibaya kuliko aliyezoea kujitafutia mtaani. Bobi alilala akielekea ukuta, chakula hakukigusa, na wageni wakapita wakisema ni mgonjwa. Daktari alimpima, hakuwa mgonjwa.

Zijue dalili za mbwa aliyeelemewa, maana nyingi hazifanani na hofu kwa macho ya mgeni. Anapiga miayo ilhali hana usingizi. Analamba midomo ilhali hakuna chakula. Anahema hata pasipo joto, anapukutika manyoya mengi ghafla, anageuza uso huku weupe wa jicho ukionekana pembeni, anazunguka banda kwa njia ileile bila kukoma. Hata yule anayeruka wavuni na kubweka kwa kila apitaye, mara nyingi ni mbwa aliyezidiwa, si mbwa mkali. Na yule aliyetulia tuli kwenye kona, asiyesumbua mtu, simwiti mpole mpaka nimemwona nje.

Kwa hiyo omba atolewe. Mahali patulivu, mbali na wenzake, kwa nusu saa hivi. Muda wa namna hiyo pamoja na mtu umeonekana kushusha kiwango cha ile homoni. Kaa chini ukimpa ubavu, usimkazie macho, usimwinamie, usipitishe mkono juu ya kichwa chake. Mwache anuse viatu vyako na aondoke akitaka. Akirudi, mkune kifuani au ubavuni, kisha acha. Akisogea tena kuomba zaidi, mmeelewana. Akiganda au akigeuza kichwa, amekwisha kukujibu pia, na jibu hilo liheshimu.

Njoo siku nyingine, saa tofauti, na watu wote wa nyumbani. Hili silegezi hata kidogo. Mbwa akimpenda mama, akawa anamkwepa baba kila anapoinuka kwenye kiti, ni heri mjue hapa kuliko sebuleni kwenu. Kama una mbwa, mlete pia. Wasikutanishwe uso kwa uso kwenye lango. Tembeeni nao upande mmoja, kila mmoja na mtu wake, mkiwa mmeachana hatua nyingi, mkisogeleana kadiri kamba zinavyobaki zimelegea.

Usishawishike sana na majaribio ya dakika chache, kama lile la kumsogelea mbwa anapokula ili kuona kama atanguruma. Wapo wanaonguruma kituoni na nyumbani hawafanyi hivyo kamwe, na wapo wa kinyume chake. Mbwa akinguruma, mwache na usogee nyuma. Mngurumo ni onyo, na mbwa aliyepigwa kwa kuonya hujifunza kuuma bila kuonya. Wengi wa wale wanaoletwa kwetu kwa sababu "aliuma ghafla" walikuwa wameonya kwa muda mrefu, mtu akawanyamazisha.

Mambo ya afya nitayapitia haraka, maana daktari wa wanyama atakueleza vizuri zaidi. Dai tarehe ya chanjo ya kichaa cha mbwa, na ya distempa na pavo (magonjwa ya virusi yanayoua mbwa), pamoja na dawa ya minyoo. Kikohozi cha mabandani kinaweza kuchelewa kuonekana hadi wiki mbili tangu mbwa aambukizwe, basi usimchanganye mara moja na watoto wa mbwa au mbwa mzee dhaifu. Virusi vya pavo hukaa ardhini miezi mingi. Kama kwako amewahi kufa mtoto wa mbwa kwa kuhara damu, mwambie daktari kabla hujaleta mbwa asiye na chanjo. Kama ni jike asiyefungwa kizazi, uliza mara ya mwisho alipokuwa kwenye joto, yaani tayari kupandwa, kwa kuwa mimba ya mbwa huchukua siku 63 hivi, na wapo waliotoka hapa tukidhani wamenenepa. Chipu nayo, ile iliyo kama punje ya mchele chini ya ngozi ya mabega, haionyeshi mbwa yuko wapi. Ina tarakimu 15 tu, zinazosomwa kwa kifaa na kuunganishwa na namba ya simu iliyosajiliwa. Namba hiyo bado ni ya mwenyewe wa kwanza. Ibadilisheni siku hiyohiyo mnayosaini, msiseme mtafanya baadaye.

Siku ya kwenda naye

Kabla hujamfuata, andaa kona moja. Isiwe njiani watu wanapopita, wala kando ya mlango wa kutokea. Weka matandiko, maji, na nafasi ya yeye kuona chumba bila kufikiwa kwa nyuma. Nunua chakula kilekile alichokuwa akila kituoni. Ukitaka kukibadilisha, changanya kidogo kidogo kwa siku saba hadi kumi, la sivyo tumbo litaharibika, na utadhani amekuja na ugonjwa.

Chukua kitu cha kwao kama kipo, na usikifue. Bobi aliletwa na shuka kuukuu ya mzee. Imechanika, inanuka, na wageni wengine hunishauri niitupe. Mbwa ana vipokezi vya harufu vinavyofika mamia ya milioni. Sisi tuna takriban milioni sita. Katika banda lile, shuka hiyo ndiyo kitu pekee anachokifahamu. Atakayemchukua Bobi ataondoka na shuka, na nitamwomba aiache kwenye kona yake mpaka Bobi mwenyewe aanze kulala mbali nayo.

Kamba iwe na sehemu mbili za kushikia: moja kwenye kola na nyingine kwenye mkanda wa kifuani. Kola ipitishe vidole viwili tu. Mbwa aliyeshtuka hurudi nyuma kwa nguvu na kichwa kikachomoka, na hapo utamwona akikimbia asikokujua. Mbwa mwenye kwao ana sababu ya kukimbia ambayo wengine hawana: anatafuta njia ya kurudi. Saa za kwanza funga lango, funga mlango wa gari kabla hujafungua wa nyumba, na usimfungue kamba uwanjani hata kama pana uzio, mpaka umeukagua uzio wote kwa chini.

Mkifika, mpeleke kwanza mahali pa haja. Akimaliza, msifu kwa sauti ndogo. Kisha mwingize ndani na umwonyeshe chumba kimoja, ile kona yake na maji. Basi. Usiwaite majirani waje kumwona, usimwogeshe, usimpitishe vyumba vyote. Watoto wakae chini na kuendelea na shughuli zao. Wafundishwe mambo matatu bila mjadala: kutomgusa akila, kutomgusa akilala, kutomkumbatia. Kumbatio kwa mbwa ni kubanwa.

Asipokula siku ya kwanza usihangaike sana. Mwekee chakula, ondoka, kiondoe baada ya robo saa, mjaribu tena baadaye. Lakini akikataa maji, akipitisha siku mbili bila kula, akitapika mfululizo au akihara damu, mpeleke kwa daktari bila kungoja. Na usimtibu kwa dawa za kabatini kwako: parasetamoli na ibuprofeni zinaweza kumuua. Vilevile mwondolee karibu chokoleti, zabibu mbichi na kavu, vitunguu, na pipi au bazoka zisizo na sukari, ambazo nyingi zina zailitoli, kitu cha kutia utamu kilicho sumu kwa mbwa.

Usiku wa kwanza alale mahali anapoweza kukusikia ukipumua. Wengine watakuambia umzoeze kulala peke yake tangu mwanzo ili asiharibike. Sikubaliani nao. Mbwa huyu amepoteza kila mtu aliyemjua, na kulia kwake usiku si ukaidi. Kumhamisha taratibu kwenda unakotaka alale ni kazi nyepesi wiki ya tatu. Usiku wa kwanza ni mateso kwenu nyote.

Jina lake libaki. Ndilo neno moja analolielewa katika nyumba yenu yote. Kama lina sababu ya kubadilishwa, tamka jipya kisha la zamani kwa siku nyingi mpaka la zamani lisihitajike. Fanya hivyohivyo na ishara. Ukimwambia Bobi "kaa" atakutazama tu. Shusha kiganja, atakaa, na utaona mkia wake ukigonga sakafu kwa furaha ya kueleweka.

Siku tatu, wiki tatu, miezi mitatu

Watu wa vituo vya mbwa wana kipimo hiki, nacho ni cha kukadiria tu: siku tatu za kuduwaa, wiki tatu za kuzoea ratiba, miezi mitatu ya kujiona yuko kwake. Kinachowashangaza wengi ni wiki ya tatu. Mbwa aliyekuwa kimya anaanza kubweka langoni, anavuta kamba, ananguruma ukipita karibu na mfupa wake. Wananipigia simu wakisema mbwa amebadilika. Ukweli ni kwamba sasa ndipo anapojionyesha, kwa kuwa ameacha kuogopa.

Kwa kulinda vitu, usimnyang'anye. Mpe kitu bora zaidi, akiachia, chukua kile, kisha mara nyingi umrudishie. Atajifunza kwamba mkono wako ukija hapungukiwi. Kwa kuogopa kuachwa, anza siku ya pili: toka nje ya mlango, rudi kabla hajaanza kulia. Ongeza muda polepole, bila kuagana kwa maneno mengi. Akishindwa, punguza muda, usimkaripie. Kwa Bobi na ufagio, mtu atauweka ukutani mbali, atampa kipande cha nyama kila anapoutazama, na wiki baada ya wiki atausogeza. Kuushika ndiyo hatua ya mwisho kabisa.

Mtu akiumwa na mbwa, hata mkwaruzo mdogo wa jino, aoshwe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali, hata kama mbwa amechanjwa. Mbwa asiuawe kwa hasira. Afungiwe na kuangaliwa siku 10; akibaki mzima siku hizo zote, hakuwa akiambukiza kichaa alipouma. Kichaa kikishaonyesha dalili kwa binadamu karibu hakiponi, kwa hiyo hospitali haisubiri siku hizo ziishe. Daktari ndiye atakayeamua chanjo iendelee au isimame.

Kuhusu mwenyewe wa kwanza, naulizwa kama aruhusiwe kuja kumwona. Mimi husema picha ndiyo, ziara bado. Picha ipitie kituoni, bila namba za simu kubadilishana kama hamtaki. Mzee wa Bobi hupiga simu kuuliza habari zake, na kumjibu kwamba bado yupo bandani ni kugumu kwangu kuliko kazi nyingine yoyote hapa. Picha moja ya Bobi akiwa amelala kwenye kona ya mtu ingemtosha. Lakini kuwakutanisha kabla ya miezi ile mitatu ni kumwachisha mbwa mara ya pili.

Na kama baada ya kujaribu kwa dhati imeshindikana, mrudishe kwetu. Usimpe mtu wa njiani, usimfungue usiku mbali na nyumbani. Hatutakuaibisha. Njoo saa yenye utulivu, ukae nami, uniambie ulichokiona: alikula saa ngapi, alilala wapi, alimnguruma nani na mtu huyo alikuwa akifanya nini, alicheza na nini. Nitayaandika nyuma ya fomu chini ya yale ya mwenyewe wa kwanza, na atakayekuja baada yako nitamsomea yote.